Chunga neno unaloweka kabla ya 'that', linaweza kukufuta kazi

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Kawangware aliingia saiba ninapofanya kazi, hapa tauni karibu na Tom Mboya Street. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kutoka kwa mdosi wake, mwenye duka fulani kule Westlands. Kama umewahi kuajiriwa Nairobi unaijua hii barua. Inaitwa 'show cause'. Sh8,400 zilikosekana kwenye till yake na alipewa saa 48 aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua.

Jibu alikuwa ashaliandika kwa simu akiwa kwenye mathree ya 46. Alitaka tu nilipange vizuri na kuprinti. Sentensi ya kwanza ilisema: "I am sorry that I lost the company's money."

Nikamuuliza, "Buda, ni wewe ulipoteza hizo doo?"

"Zii! Nilitoka lunch nikapata till iko wazi."

"Sasa mbona umeandika ni wewe?"

"Sijaandika ni mimi. Nimeandika pole."

Hapo ndipo shida ilipo, na si yake peke yake. Mimi si mwalimu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na sina cheti cha kukuonyesha. Lakini nimechapa barua za watu miaka mitatu sasa, na nimeona wengi wakijifunga kwa maneno mawili tu: kivumishi, halafu 'that'.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kiingereza kina vivumishi vinavyoweza kubeba sentensi nzima mgongoni, na kamba ya kufungia mzigo huo ni 'that'. Vingi ni vya hisia au vya kujua: sorry, happy, proud, aware, sure, confident. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa 'kwamba', ila mara nyingi tunatumia kitenzi au 'nina': nimefurahi kwamba, nasikitika kwamba, nina hakika kwamba.

Si kila kivumishi kinakubali mzigo huo. Ukisema "I am tall that", mtu atakungoja umalize, kama vile ungesema "mimi ni mrefu kwamba".

Sasa sikia penye moto. Vivumishi hivi haviko sawa. Kuna vile ambavyo ukivitumia, kila kinachofuata 'that' kinachukuliwa kuwa kimetokea kweli. Sorry, glad, proud, surprised na aware viko kundi hilo. Halafu kuna vile vinavyoacha mlango wazi: sure, confident, hopeful, possible, likely. Hapo unatoa maoni yako au tumaini lako, na jambo lenyewe bado linaweza kubishaniwa.

Kuna jaribio rahisi la kuvitenganisha. Weka 'not' uone kinachobaki. "I am not sorry that I lost the money." Umekataa kusikitika, lakini pesa bado ni wewe ulizipoteza! Sasa jaribu "I am not sure that the money was lost." Hapa hujakubali lolote. Si mimi niliyegundua hili. Wanaisimu Paul na Carol Kiparsky walilichambua kwenye makala yao ya mwaka 1970, na kichwa chake kilikuwa neno moja tu: 'Fact', yaani jambo lililo kweli.

Pole ya nyumbani si 'sorry' ya ofisini

Kwa nini jamaa wangu aliteleza? Kwa sababu kwetu 'pole' haina kesi. Mtu akijikwaa pale Kangemi stage unamwambia pole, na hakuna atakayedhani ni wewe uliyemwangusha. Alibeba pole hiyo akaivalisha Kiingereza, halafu akaifungia 'that' na jina lake, 'I'. HR akisoma hapo anaona mtu ambaye ameshakiri.

Kiswahili pia kinatupa silaha fupi: 'eti', au 'ati' ukipenda. "Ati nimepoteza pesa." Kwa silabi mbili umemrudishia msemaji maneno yake bila kuyakubali. Kwa Kiingereza unaweza kuzunguka kidogo: "The letter says that..." Ni sentensi butu, lakini inakulinda. Barua ndiyo inayosema. Wewe hujasema.

Mwangalie sana 'aware'. Barua hizi hupenda kuanza na "You are aware that company policy requires..." na wengi wetu hujibu kwa adabu, "I am aware that..." Ukiandika hivyo umetia sahihi kwamba sheria hiyo uliijua. Kama hukuwahi kuonyeshwa hiyo policy, usiandike 'aware'. Andika kwamba hukupewa.

Tulivyoirekebisha

Tuliketi na jamaa nusu saa. Kwanza nilimuuliza anachokubali na asichokubali. Alikubali kwamba pesa hazikuwepo, maana alizihesabu mwenyewe na supavaiza. Hakukubali kwamba ni yeye aliyezipoteza. Kwa hivyo mwanzo ukawa: "I am sorry that the money is missing. I did not take it." Kivumishi ni kilekile. Kilichobadilika ni mzigo ulioko nyuma ya 'that', na safari hii ni mzigo anaoweza kuubeba.

Kisha alitaka kamera za CCTV ziangaliwe. Nikamwandikia: "It is important that the footage be checked." Akanikodolea macho. "Hiyo 'be' si makosa?"

Si makosa. Vivumishi kama important, necessary na essential vikiwa vinadai jambo lifanyike, kitenzi kinachofuata 'that' kinabaki kitupu: be, come, pay. Wewe msee wa Kiswahili hii unaijua tangu utotoni. Husemi "ni muhimu picha zinakaguliwa." Unasema "ni muhimu zikaguliwe." Hiyo '-e' ya mwisho ndiyo kazi ambayo 'be' inafanya. Ukiona 'be' inakukwaruza, andika "should be checked", nayo ni sahihi.

Na barua za kuomba kazi je?

Makosa ninayokutana nayo kila siku ni haya mawili. La kwanza ni "I am aware of that the position is open." Hapana. Ni 'aware of' ukifuata na jina, kama "aware of the position", lakini 'of' inakufa mara 'that' inapoingia: "aware that the position is open."

La pili ni "I am interested that the job." Ukitaka kazi, sema "interested in the job". 'Interested that' ipo, lakini maana yake ni kwamba jambo fulani limekushangaza kidogo na unataka kulijua zaidi. Hujaomba kazi hapo.

Na ukichagua kati ya hopeful na confident, jua unachoahidi. "I am hopeful that I can do this work" inasikika kama mtu anayeomba Mungu. "I am confident that I can" inasikika kama mtu aliyewahi kuifanya. Kama umewahi, andika confident, na ujiandae kuulizwa uliifanyia wapi.

Haki yako

Jambo moja ambalo watu wengi hawajui. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kabla mwajiri akufute kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki pia ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, uliyemchagua wewe, wakati huo. Kwa hivyo kama Kiingereza cha kikao kinakupita juu, sema unataka kuelezwa kwa Kiswahili. Huombi msaada hapo. Na ukumbuke Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi, bega kwa bega na Kiingereza.

Jamaa aliondoka na kurasa mbili. Kikao chake ni Alhamisi, na anaenda na mwenzake wa till ya pili. Sijui kama ataponea. Ninachojua ni kwamba wakimfuta, haitakuwa kwa sababu ya kitu alichokiri bila kujua.

Wewe nawe, kabla ubonyeze 'send', itafute kila 'that' kwenye barua yako. Soma kivumishi kilichoitangulia, kisha soma kinachofuata, ujiulize: hili nimelikubali?