Nahodha wa kisahani na kichwa cha mwenzake

Chukua mfano huu. Ni Jumapili alasiri, siku ya pili ya mashindano ya vyuo vikuu nchini Marekani. Mabao ni 13 kwa 13 na mchezo unakwisha kwa 15. Mchezaji anayetegemewa kuliko wote ameruka kudaka kisahani, akagongana na mpinzani hewani, akaangukia kisogo. Anainuka, anajipangusa nyasi, anasema yuko sawa. Anauliza mabao ni mangapi, anajibiwa. Baada ya dakika moja anauliza tena. Uwanjani hakuna refa wa kupuliza filimbi, pembeni aghalabu hakuna daktari, na kocha huenda hayupo. Aliyepo ni nahodha, mwanafunzi wa miaka 20 au 21, ambaye naye anacheza na anautaka ushindi kama wenzake. Je, afanye nini?

Kabla ya kujibu, inafaa tuueleze mchezo wenyewe, kwani wengi wetu tumekiona kisahani hicho cha plastiki kikirushwa na watoto tu. Mchezo huitwa altimeti. Wengi husema Frisbee, lakini hilo ni jina la kibiashara, na wachezaji wenyewe husema kisahani. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, jimbo la New Jersey. Novemba 6, 1972 vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi ya kwanza baina ya vyuo, na Rutgers wakashinda kwa 29 dhidi ya 27.

Kila timu huwa na watu 7 uwanjani. Kisahani kina uzito wa gramu 175. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho. Hutuliza mguu mmoja na ana sekunde 10 za kukitoa, huku anayemkaba akizihesabu kwa sauti. Bao hupatikana kikidakwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani. Kugusana hakuruhusiwi, ila watu wawili wakikifuata kisahani kimoja angani, kanuni haiwezi kuwazuia wasigongane.

Jambo kubwa la mchezo huu ni kwamba wachezaji hujiamulia wenyewe. Anayeona amechezewa rafu husema, mchezo unasimama, mwenzake anakiri au anapinga. Wasipokubaliana, kwa kawaida kisahani hurudishwa kwa aliyekirusha. Katika mashindano makubwa ya Marekani huwepo waangalizi wanaoamua pale wachezaji wanaposhindwa kuelewana, lakini mechi nyingi za vyuo hazina hata hao. Isitoshe, katika vyuo vingi altimeti ni klabu ya wanafunzi na si timu rasmi ya chuo. Manahodha ndio wanaopanga mazoezi, kukusanya michango, kukodi magari na kuamua nani aingie. Kwa hiyo, hata kama hakuna aliyemtuma, nahodha ndiye pia bwana afya wa timu.

Kazi hiyo huanza kabla ya mtu yeyote kuumia. Altimeti ni mchezo wa kukimbia kwa kasi, kusimama ghafla na kugeuka. Hapo ndipo magoti huharibika. Ndani ya goti kuna kano fupi inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Kano hiyo hukatika mara nyingi bila mtu kuguswa, mguu ukiwa umekanyaga imara huku mwili ukigeuka, au mtu akitua kutoka juu goti likiwa limekunjamia ndani. Wanawake wamo hatarini zaidi kuliko wanaume. Anayefanyiwa upasuaji hukaa nje miezi tisa au zaidi, na kwa mwanafunzi huo ni msimu mzima.

Kinga yake ni nafuu. Ni dakika 20 za kupasha mwili moto kwa mpango: kukimbia polepole, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa na kuelekea mbele, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha misuli ya paja na kiuno. Programu iitwayo 11+, iliyotayarishwa na wataalamu wa FIFA kwa ajili ya soka, imeonekana kupunguza majeraha kwa wanaoifuata kila mara, na hakuna kinachozuia watu wa kisahani kuifuata. Kinachoiua ni uvivu, hasa saa mbili asubuhi kwenye baridi, pale nahodha mwenyewe anapofika amechelewa na kuanza kurusha kisahani.

Kifundo cha mguu kikiteguka, jaribio ni rahisi: majeruhi akishindwa kupiga hatua nne, apelekwe kupigwa picha. Akiweza, bado asirudi uwanjani mpaka aweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu.

Timu hucheza mechi tatu au nne kwa siku, siku mbili mfululizo, kwa hiyo maji ni lazima. Hata hivyo, kujijaza maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari, kwani chumvi ya damu hushuka na mtu huweza kuchanganyikiwa hata kupata degedege. Wachezaji wanywe wanapohisi kiu, na wale vyakula vyenye chumvi kati ya mechi. Mtu aliyekuwa akikimbia juani akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na mwili wake unawaka, msisubiri. Piteni njia mbili kwa pamoja: mmoja aite gari la wagonjwa, wengine wamtie kwenye maji ya barafu hapo hapo.

Usafi nao usidharauliwe. Wachezaji hujirusha mzima mzima kukiwahi kisahani, na nyasi bandia huchubua ngozi kama msasa. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni siku ile ile, ufunikwe. Wapo bakteria wa ngozi wasiosikia dawa nyingi za kawaida, na wanamichezo huambukizana kwa taulo na nguo za jasho. Kila mtu awe na taulo lake na chupa yake ya maji. Chupa moja ikizunguka kwa watu 20, mafua ya mmoja huwa ya timu nzima.

Turudi kwa yule aliyeuliza mabao mara mbili. Huo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme vinginevyo. Wengi hudhani lazima mtu azirai, na hilo ni kosa. Walio wengi hawazirai kabisa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuchukia mwanga, kusahau, au kuwa mzito wa kujibu. Kanuni zinamruhusu mchezaji yeyote wa timu yake kusimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, hivyo nahodha asingoje aombwe. Amtoe, na siku hiyo asimrudishe, hata kama dalili zimekwisha na hata kama timu itafungwa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuufanya uvimbe ghafla. Hutokea kwa nadra, lakini huua. Ugumu ni kwamba majeruhi mwenyewe ndiye atakayebisha zaidi. Kwa sababu hiyo timu zenye busara hukubaliana mwanzoni mwa msimu kwamba katika suala la kichwa neno la nahodha halijadiliwi, na kichwa cha nahodha kiwe na msemaji mwingine.

Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamshike, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege au maumivu yakizidi, ni hospitali mara moja. Asipokuwa na hayo, apumzike siku moja au mbili, kisha atembee, kisha akimbie polepole, kisha arushe kisahani peke yake, kila hatua ikichukua angalau saa 24; dalili zikirudi, arudi nyuma hatua moja. Masomo yatangulie mazoezi, na mazoezi ya kugongana yangoje ruhusa ya daktari.

Na jioni ile ya Jumapili, safari ya kurudi chuoni ikiwa ya saa sita, asiwe yeye mshika usukani, na usiku asilale chumba cha peke yake.