Baiskeli Ndani ya Wadi

Tangu mkasa wa mwezi wa Machi, akina mama kadhaa wametuuliza, kila mmoja kwa namna yake, iwapo ni busara kuwaachia vijana wao waendelee kufuatana nasi katika matembezi ya baiskeli siku za Ijumaa. Mmoja wao hakuuliza. Alituambia tu kwamba mwanawe hatakuja tena. Tumeona ni haki yao tuyaeleze yote katika ukurasa huu, mazuri na mabaya, bila ya kulificha kosa letu.

Tuanze na mazuri, kwani ndiyo yaliyotutoa majumbani. Asiyewahi kutoka Maskati ila kwa barabara kuu hudhani kwamba nchi hii ni lami, mawe na joto basi. Lakini nyuma ya majabali yale muna mabonde, na ndani ya mabonde hayo, ambayo sote hapa twayaita wadi, hupita njia za changarawe zinazopanda na kushuka kandokando ya mitende, mifereji ya falaj na vidimbwi vya maji visivyokauka. Mwenye gari hupita akitimua vumbi na vioo vimefungwa. Mwenye baiskeli husikia maji ya falaj kabla ya kuyaona, hunusa ndimu za mashambani, na akifika kijijini huitwa kwa kahawa na tende hata ikiwa jasho limemlowesha mwili mzima.

Baiskeli inayofaa kwa njia hizo si ile nyembamba ya mashindano ya lami, wala si lazima iwe ile nzito yenye springi. Iko ya kati na kati, ambayo wenyewe huiita baiskeli ya changarawe: usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, na tairi zake zina upana wa milimita 40 hivi. Mtindo huu ulishika nguvu huko Marekani, hususan jimbo la Kansas, ambako mwaka 2006 yalianzishwa mashindano ya maili 200 katika njia za mashambani. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2021 yalianza mashindano ya siku nne katika nyika za Maasai Mara, nchini Kenya, na wapanda baiskeli wa kwetu wakapambana na wageni waliotoka mbali. Nahodha wao katika timu iitwayo Amani alikuwa Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni katika jimbo la Vermont.

Wazee wetu waliokulia Pemba hucheka wakisikia kwamba hili ni jambo jipya. Wao walivipanda na kuvishuka vilima vya Wete na Chake Chake kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia, gunia likiwa juu ya keria, na njia yenyewe ya udongo mwekundu iliyokuwa ikiteleza kama sabuni wakati wa masika. Hakuna aliyewapigia makofi.

Ziko njia nyingi za kuchagua. Anayetaka safari ya mbali kidogo na apite Quriyat, alitazame bwawa la Wadi Dayqah lililofunguliwa mwaka 2012, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 100, kisha aendelee hadi Wadi al-Arbaeen, ambako njia huvuka maji mara kwa mara. Wenye vifua vya chuma huenda Rustaq wakapanda Wadi Bani Awf hadi kijiji cha Balad Sayt. Huko sisi wa umri huu tumekwenda kwa gari tu, na hatuoni haya kusema. Lakini tuliyokuwa tukiipenda zaidi ni ile ya jirani, inayoanzia kijiji cha al-Khoudh ikaifuata wadi kwenda juu, kuelekea Fanja. Asubuhi huwa na kivuli, vilima vyake havimshindi kijana wa miaka kumi na miwili, na mtu aweza kurudi kwake kabla ya sala ya Ijumaa. Maji yanayopita hapo hutoka Wadi Samail, inayokusanya mvua ya sehemu kubwa ya majabali. Kwa sababu hiyo, mwaka 1985, lilijengwa bwawa kati ya kijiji na bahari ili kuyazuia mafuriko na kuyapa maji muda wa kuzama ardhini. Tulikuwa tukipita karibu na bwawa hilo kila mara, na hatukujiuliza kwa nini limejengwa refu namna ile.

Siku hiyo tulikuwa kumi na mmoja: watu wazima watatu na vijana wanane. Mbingu ilikuwa safi. Yapata saa nne ya asubuhi tulikaa chini ya mkunazi, katikati ya wadi, tukatoa vitumbua na chupa ya chai. Mbali, juu ya majabali, kulikuwa na wingu moja jeusi, na kijana mmoja akatuonyesha. Tulimjibu kwamba liko mbali.

Akaja mzee mmoja wa kijijini na gari yake ya pikapu, akatwambia kwa Kiarabu kwamba wadi inashuka, tutoke. Tulimshukuru kwa adabu, tukamkaribisha chai. Mzee alikasirika. Alishuka garini, akaikamata baiskeli iliyokuwa karibu naye, akaitupa ukingoni. Kwa haya, zaidi ya kwa hofu, tukainuka tukapanda juu. Kijana mmoja wa miaka kumi na minne alirudi chini kuifuata baiskeli yake aliyoiegemeza upande wa pili wa mti. Mmoja wetu alimkimbilia, akamkamata mkono na kumburura, naye akipiga kelele kwamba baiskeli ni mpya.

Hatukusikia radi. Tulichosikia ni mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Kisha ukatokea ulimi wa tope usiopita goti, ukisukuma mbele yake vijiti, majani na chupa za plastiki. Hatujamaliza kustaajabu, maji yakawa ya kiuno, na baada ya muda mfupi ule mkunazi ulionekana matawi tu. Tulikaa ukingoni hadi alasiri. Simu hazikushika. Majumbani, chakula kilipoa, sala ya Ijumaa ikapita, na akina mama wakaanza kupigiana simu kuulizana. Saa hizo ndizo wasizozisahau, na wana haki.

Majabali ya hapa ni mawe matupu; hayana udongo wala misitu ya kunywa maji. Mvua ikinyesha juu, matone yote hukimbilia chini, vijito mia vikakutana katika wadi moja, na aliye chini huletewa mafuriko ya mvua asiyoiona. Aprili 2024, huko Samad al-Shan, maji ya namna hiyo yaliwachukua wanafunzi wa skuli waliokuwa ndani ya gari. Sentimita 30 za maji yaendayo kasi zaweza kuiondoa gari ndogo barabarani, sembuse mtu na baiskeli yake. Tuliyajua yote hayo. Tulikuwa watu wazima watatu, na kijana ndiye aliyeliona wingu.

Tangu hapo tumetoka mara mbili. Usiku wa kuamkia safari tunasoma tangazo la hali ya hewa la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mvua ikitajwa popote juu ya majabali, hata mbali na kwetu, hatutoki. Hatupumziki tena ndani ya wadi, hata kivuli kiwe kizuri vipi. Maji yakigeuka rangi au yakileta vijiti, tunapanda ukingoni kwanza na kuulizana baadaye. Na mtoto yeyote akisema ameona wingu, safari imekwisha. Sharti hili waliliweka vijana wenyewe. Mmoja wetu hufuata kwa gari kwenye barabara ya juu na kuwapigia simu akina mama kila penye mtandao. Miiba ya migunga bado hututoboa tairi kama zamani, na hilo hatuna dawa nalo ila viraka vingi na subira.

Baiskeli ya kijana yule ilipatikana siku ya tatu, karibu na bwawa, imejikunja kwenye shina la mti. Mama yake hataki iingie nyumbani, nasi hatujamshawishi abadilishe neno lake. Kijana mwenyewe hutoka msikitini baada ya alfajiri, akaja kwa miguu hadi penye kituo cha petroli tunapokutana. Hutusaidia kujaza upepo, akatazama upande wa majabali kwa muda, kisha akarudi kwao.