Kazi za Mikono kwa Watoto Wakati wa Likizo

Zifungwapo shule, mwezi wa Juni kwa upande wa Tanzania na mwezi wa Agosti kwa upande wa Kenya, kila nyumba ya pwani yenye watoto hukabiliwa na swali lisilokuwa na budi kujibiwa asubuhi, hata kabla birika la chai halijaepuliwa: leo watoto watashinda wakifanya nini? Jibu lililo jepesi siku hizi ni televisheni au simu, wala simlaumu mzazi anayelishika jibu hilo, maana kazi zake hazikufungwa pamoja na shule. Walakini liko jibu jingine, la gharama haba na faida nyingi, ambalo wazee wetu walilitumia miaka na miaka, nalo ni kumpa mtoto kitu cha kutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kwa vitu vinavyookotwa uani, chini ya mnazi, au jikoni.

Si kila kazi ya mikono, hata hivyo, humshika mtoto. Mpe karatasi na kalamu za rangi, atachora nyumba na jua, atampelekea mama yake, mama atasema ni nzuri bila ya kuitazama sana, na kabla ya adhuhuri mtoto amekwisha choka na karatasi imekwisha tupwa. Kilichokosekana hapo ni hakimu. Mtoto hutambua upesi kuliko tudhanivyo kwamba sifa za mama ni za mapenzi, na kwamba hazimjulishi kama kazi yake ni njema au mbovu. Lakini kishada kilichofungwa kombo hakiruki, na dau lisilokuwa na uzito chini hupinduka, na upepo na maji hayampendelei mtoto wala hayamwonei. Kwa sababu hiyo nazipenda kuliko zote zile shughuli ambazo hukumu yake hutolewa na upepo, au maji, au jua, kwa kuwa mtoto aliyeshindwa mbele ya mahakimu hao hurudi mwenyewe, bila ya kuitwa, kutafuta kosa lake liko wapi.

Cha kwanza na kiwe kishada, ambacho penginepo huitwa tiara. Likizo za Juni na Agosti huangukia katikati ya msimu wa kusi, upepo unaoanza yapata mwezi wa Aprili na kuendelea hata Septemba, nao huvuma upande mmoja kwa saa nyingi za mchana, jambo ambalo kishada hulihitaji zaidi kuliko nguvu. Zitafutwe fito mbili nyembamba za mwanzi, au chelewa nene zilizokauka za kuti la mnazi, moja ya urefu wa nusu mita na ya pili ya sentimita 40, zipitanishwe msalaba karibu na robo ya urefu wa ile ndefu kutoka juu, na zifungwe kwa uzi imara. Kisha uzi mwingine upitishwe katika ncha zote nne, ukivutwa sawasawa, mpaka ipatikane fremu isiyolegea. Zamani za karibu watoto walifunika fremu hiyo kwa mfuko mwembamba wa plastiki, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, nami sioni hasara yoyote katika jambo hilo, kwa maana karatasi moja ya gazeti yatosha kabisa. Gundi yake ni kijiko kimoja cha unga wa ngano kilichokorogwa katika nusu kikombe cha maji na kupashwa moto mpaka kikawa kizito, ukiwa mkono wa mtu mzima ndio ulioshika sufuria.

Kazi iliyobaki ndiyo yenye elimu. Uzi mfupi hufungwa juu na chini ya ule ufito mrefu, ukaachwa ulegee kidogo kama hatamu, na uzi mrefu wa kurushia hufungwa katika hatamu hiyo, karibu zaidi na kichwa kuliko na mkia, ili kishada kikae kimeinama mbele ya upepo. Maana upepo unaokipiga uso wake ulioinama hulazimishwa kushuka chini, na katika kushuka kwake hukisukuma kishada kwenda juu. Mkia ni vitambaa vilivyochanwa kutoka katika kanga kuukuu na kuungwa, urefu wake mara tano ya kishada chenyewe, na kuchana vitambaa hivyo ni kazi ya mdogo wa nyumba, ambaye hana nguvu za fundo lakini hatakubali kuachwa. Kikiwa tayari, kipelekwe uwanjani au ufukweni wakati wa maji kupwa, mbali kabisa na nyaya za umeme, na hapo ndipo mzazi anyamaze. Kishada kikizunguka ovyo, mkia ni mfupi. Kikilalia upande mmoja, fito hazikulingana au karatasi imezidi upande huo. Kikivuta kwa nguvu bila ya kupanda, fundo la hatamu lisogezwe juu kidogo. Mambo hayo matatu mtu mzima anaweza kuyasema kwa nusu dakika, lakini akiyasema amemnyang'anya mtoto asubuhi nzima ya furaha, kwa hiyo namsihi ayaweke moyoni mpaka aulizwe.

Baada ya upepo, maji. Katika kila kijiji cha pwani hupatikana kumbi la nazi, yaani lile ganda la nje lenye nyuzi, na nusu ya kumbi ni jahazi lililokwisha kuchongwa tayari kwa mtoto wa miaka sita. Huchomekwa ufito uwe mlingoti, hufungwa chelewa iwe foromali, na kipande cha kitambaa cha pembe tatu huwa tanga. Chombo huwekwa majini kwa shangwe, na upepo wa kwanza hukilaza ubavu. Hapo mtoto hukutana na jambo ambalo manahodha wa bahari yetu walilijua tangu kale, kwamba chombo chenye tanga na kisicho na shehena sharti kitiwe farumi, nayo farumi ya jahazi hili ni kokoto mbili au tatu zilizopangwa chini kabisa katikati. Mtoto mwenye macho, aliyekwisha kuona ngalawa ikirudi kutoka uvuvini, huenda akapata dawa nyingine, yaani kufunga mirengu miwili na kuipa ndubi kila upande, ili chombo kisipinduke ingawa ni chembamba na chepesi. Na mtoto akilivumbua hilo peke yake, basi asubuhi hiyo amepita daraja walilopita mafundi wa vyombo kabla yake. Mashindano ya vidau hivi yafanywe katika vidimbwi vinavyobakia ufukweni maji yakipwa, au katika beseni pana la kufulia kwa wale wakaao mbali na bahari, na penye bahari asikosekane mtu mzima wa kuwatazama, wala asiwe mtu mzima anayetazama simu.

Shughuli ya tatu ni ya jua, nami nakiri kwamba ndiyo niipendayo sana, ingawa huonekana kuwa duni kupita zote, kwa sababu haitaki kitu ila mti mmoja ulionyooka wa urefu wa mita moja juu ya ardhi, uliosimikwa wima mahali pasipo kivuli kingine, na vijiwe vya kuwekea alama. Kila baada ya nusu saa mtoto huweka kijiwe katika ncha ya kivuli cha mti, na kila kijiwe huandikiwa saa yake kwa chaki. Asubuhi kivuli ni kirefu na huelekea magharibi. Hupungua, hupungua, na kwa mtoto wa Unguja mwishoni mwa Juni hufikia ufupi wake wa mwisho si saa 6 kamili, kama watu wengi wadhanivyo, bali yapata saa 6 na dakika 25, kwa kuwa saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45, ulio mashariki ya kisiwa hicho, ambako jua hufika mapema. Wakati huo kivuli cha mti wa mita moja kina sentimita 57 hivi, nacho huelekea kusini, maana jua la Juni liko kaskazini yetu.

Vijiwe hivyo visiondolewe, au vipimo vyake viandikwe katika daftari, kwa sababu likizo ya Desemba mtoto yule yule atasimika mti ule ule pale pale na kuona ajabu: kivuli cha mchana sasa kimegeuka na kuelekea kaskazini, na urefu wake hauzidi sentimita 31 hivi. Baina ya miezi hiyo, mwanzoni mwa Machi na katika siku kumi za kwanza za Oktoba, jua hupita utosini juu ya Unguja na mti hubaki karibu bila kivuli. Kwa watoto wa Mombasa na Lamu, wanaokaa karibu zaidi na ikweta, kivuli cha Juni huwa kifupi kidogo kuliko hicho na cha Desemba huwa kirefu kidogo, na binamu wawili waliotengana, mmoja Unguja na mmoja Lamu, wakipelekeana vipimo vyao vya siku moja watakuwa wameshika mikononi ithibati ya kuwa dunia ni mviringo. Fauka ya hayo, mti huu humfunulia mtoto wa Kiislamu maana ya nyakati anazozisikia zikiadhiniwa kila siku: adhuhuri huingia kivuli kikisha kufikia ufupi wake na kuanza kurefuka, na alasiri, kwa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa pwani, huingia kivuli kikiongezeka juu ya ule ufupi wake kwa urefu wa mti wenyewe, yaani kwa mti wetu wa Juni kikifika sentimita 157. Asimame basi na utepe wa kupimia, na asikilize msikitini.

Kwa siku za mvua kuna jikoni. Bizari ya manjano ikichanganywa na maji kidogo na kupakwa juu ya karatasi nyeupe, kisha ikaachwa ikauke, karatasi hiyo huwa ya kuandikia barua za siri. Maana mtoto akichovya kijiti katika maji yaliyoyeyushwa magadi na kuandika juu yake, maandishi hutokea mekundu ya damu ya mzee mbele ya macho yake, na akiyapaka maji ya ndimu hurudia umanjano wake. Mwenye kutaka sababu aambiwe ukweli, kwamba rangi ya manjano hubadilika ikikutana na vitu vya jamii ya magadi na sabuni, na kwamba ukali wa ndimu huiondoa nguvu ya vitu hivyo. Choroko nazo, zikilowekwa usiku mmoja na kuwekwa katika kifuu chenye kitambaa kibichi, huchipua baada ya siku moja au mbili, na mtoto mwenye haraka hapati mmea unaomfaa kuliko huo. Na mvua ikikatika, katika mchanga wa uani huchimbwa bao, safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, kwa komwe 64 au kokoto za kadiri moja. Hesabu anayoikimbia mtoto darasani huifanya hapo kwa hiari yake hata magharibi.

Kusuka ukili kuna mahali pake, ingawa hakuna upepo wa kukuhukumu, kwa kuwa ukindu ulioruka njia huonekana na kila mtu na haufichiki. Kazi hiyo ni ya mtoto aliyetimiza miaka minane hivi, tena mwenye bibi karibu, maana haifundishiki kwa maneno: bibi husuka shibiri moja polepole, mtoto akitazama vidole, kisha humkabidhi. Asimwonyeshe kwa kumfumulia alichosuka. Anayefumua ni mtoto mwenyewe, naye atafumua mara nyingi, na kila mara kosa litakuwa mbele kidogo ya lile la kwanza.

Na jambo hili ndilo ninaloliona gumu kwa wazazi wa zama zetu, si fedha wala wasaa, bali kustahimili kumwona mtoto akikosea. Baba hurudi jioni, hukuta kishada kimefungwa kombo, na kwa mapenzi yake hukifungua na kukifunga vizuri, ili mwanawe afurahi asubuhi. Mtoto hufurahi kweli, lakini kishada si chake tena, na hatakitafutia dawa kikianguka. Afadhali baba atengeneze cha kwake mwenyewe, warushe viwili pamoja.

Vitu vyote vilivyotajwa vyafaa kukusanywa juma moja kabla ya shule kufungwa na kuwekwa katika kasha moja mahali ambapo mtoto anafikia: uzi wa pamba, mkasi usio na ncha, magazeti, kanga kuukuu, chelewa zilizokauka, nusu mbili za kumbi, chaki, utepe wa kupimia, choroko, komwe. Kisu na magadi vikae juu kabatini, na viteremshwe na mtu mzima.