Kabla ya kununua pampu, uliza kama inajibu

Na Mwandishi Wetu

MWENYE mashine ya kukoboa mpunga au kisima hapa Didia, wilayani Shinyanga, anaponunua mtambo huuliza bei, nguvu ya mota na dhamana. Lipo swali la nne, nalo lina fedha ndani yake: je, mtambo huu unajibu ukiulizwa?

Vifaa vingi vya viwandani huwasiliana kwa utaratibu uitwao Modbus, uliotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Kifaa kikuu hutuma swali kwenye waya: namba 5, mota yako inazunguka kwa kasi gani? Wote husikia, lakini namba 5 tu ndiye hujibu. Asiyeulizwa hasemi, hata kama anaungua. Mwisho wa kila ujumbe huwekwa tarakimu za ukaguzi. Zisipolingana, mpokeaji huutupa ujumbe na kukaa kimya.

Kimya hicho ndicho chenye hasara. Huenda waya umeliwa na panya, radi imepiga, au fundi amevipa vifaa viwili namba moja. Mfumo uliofungwa vibaya huendelea kuonyesha jibu la mwisho, hivyo kioo kinasema tangi limejaa wakati lilikauka saa mbili zilizopita. Lazima kionyeshe wazi kwamba hakuna jibu, na pampu ijizime yenyewe.

Fikiria mradi wa KASHWASA, uliozinduliwa mwaka 2009, unaoleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Kwa umbali kama huo huwezi kumweka mtu kila penye tangi.

Kwa mkulima, jambo la kudai dukani ni jedwali la rejista, yaani orodha inayoeleza jibu gani limehifadhiwa wapi. Muuzaji akikunyima, umefungwa kwake. Kila hitilafu utamlipa nauli yeye. Bila karatasi hiyo fundi mwingine atabaki kubahatisha.

Jingine ni usalama. Modbus ya kawaida haina nywila. Aliyeingia kwenye mtandao wako anaweza kuuliza, na pia kuamuru mota isimame. Fundi akikwambia ameweka laini ya simu ili auone mtambo akiwa Mwanza, muulize ni nani mwingine anayeweza kuuona.