Antibiotiki za ovyo huhatarisha tumbo la mtoto

Majuzi mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mwanawe wa miaka miwili. Macho ya mtoto yalikuwa yametumbukia ndani na midomo imekauka. Alikuwa ameendesha usiku kucha.

“Daktari, nipe dawa kali zaidi,” akaniambia. “Hii niliyonunua imeshindwa.”

Akatoa mkobani chupa ya amoxicillin. Ilikuwa ya tatu katika muda wa miezi miwili. Kila mara mtoto alipotokwa na makamasi, mama alipitia duka la dawa karibu na kituo cha matatu akanunua chupa nyingine. Hakuna daktari aliyemwandikia.

Mafua huletwa na virusi, nazo antibiotiki huua bakteria pekee. Makamasi yale yangeisha yenyewe baada ya wiki moja hivi. Yalipoisha, mama alidhani dawa ndiyo iliyoponya.

Bakteria marafiki

Si bakteria wote walio adui zetu. Katika utumbo mpana wa kila mtu huishi matrilioni ya bakteria wa aina nyingi. Huvunja nyuzinyuzi za maharagwe, githeri na sukuma wiki, ambazo mwili wenyewe hauwezi kusaga, na kutokana nazo hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Baadhi yao hutengeneza vitamini K, inayosaidia damu kuganda.

Tena ni walinzi. Wanapojaa utumboni, viini vya maradhi hukosa mahali pa kukaa na chakula. Isitoshe, sehemu kubwa ya seli za kinga ya mwili imo katika ukuta wa utumbo, na bakteria hao huzifundisha kutofautisha adui na asiye adui. Mafunzo hayo ni muhimu hasa katika miaka ya kwanza ya maisha.

Antibiotiki haichagui. Huua kiini cha ugonjwa pamoja na marafiki hao, na ndiyo maana watu wengi huendesha wanapoitumia. Bakteria wengi hurudi baada ya wiki chache, lakini wengine huchukua miezi. Anayemeza dawa kila mara hawapi nafasi ya kurudi, na wanaobaki ni wale sugu.

Hatari kubwa, hasa kwa wazee na waliolazwa hospitalini, ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Wenzake wakifa, yeye huongezeka na kutoa sumu inayojeruhi utumbo. Mwaka wa 2013 madaktari wa Uholanzi walieleza jinsi walivyowatibu wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa huo kwa kuwatia tumboni, kupitia mpira, kinyesi cha watu wenye afya kilichochanganywa na maji ya chumvi. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Kilichowaponya ni kurudishiwa bakteria waliopotea.

Ufanye nini?

Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa na daktari, wala usimpe mtoto dawa iliyobaki ya ndugu yake. Ukiandikiwa, uliza: “Ugonjwa huu ni wa bakteria au wa virusi?”

Lakini usiziogope zinapohitajika. Nimonia na homa ya uti wa mgongo huua, na antibiotiki huokoa maisha. Usiache dozi uliyoandikiwa bila kumwuliza daktari. Mtoto akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, au akiendesha damu, mpeleke hospitalini mara moja.

Sisi madaktari pia tuna lawama. Nilipokuwa mgeni kazini niliwaandikia wengi antibiotiki kwa mafua, kwa kuwa mgonjwa hakupenda kuondoka mikono mitupu. Siku hizi naona afadhali kutumia dakika tano kumweleza.

Yule mama sikumpa dawa kali. Nilisimamisha ile ya chupa, nikampa mtoto maji ya ORS kwa kijiko mbele yangu hadi akapata nguvu, kisha nikamwandikia tembe za zinki na kumshauri mama aendelee kumlisha. Siku ya nne walirudi. Mtoto aliingia akitembea, akaenda moja kwa moja kuvuta droo za meza yangu.