"Si ulikuwa likizo?"

Mama amerudi kazini baada ya kujifungua. Anafungua kwenye simu taarifa yake ya michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii: Machi ipo, Aprili haipo, Mei haipo, Juni haipo, Julai ipo. Anakwenda kwa mhasibu, naye anamjibu kwa upole kabisa: "Dada, si ulikuwa likizo?"

Alikuwa likizo, ndiyo, lakini yenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Palipolipwa mshahara pana mchango: asilimia 20, na katika hiyo mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Kama alikuwa kwenye meza yake au wodini, haihusu. (Baba ana siku tatu tu; hizo hata mhasibu mzembe hawezi kuzipoteza.)

Miezi mitatu yaonekana midogo mpaka ufike kwenye kikokotoo cha pensheni. Tangu 2022, idadi ya miezi uliyochangiwa huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu bora, kisha hugawanywa kwa 580, kupata pensheni ya mwaka kabla ya kutenga sehemu ya mkupuo. Mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi hadi mara nne. Akiruka miezi mitatu kila mara, imekwenda 12. Kwa mshahara wa wastani wa shilingi 800,000, mama huyo anapungukiwa kama 11,000 za pensheni kila mwezi maisha yake yote, na zaidi ya 800,000 kwenye mkupuo. Tena pensheni ya uzee inataka miezi 180. Mwenye 172 hapati ya kila mwezi. Anapewa fedha zake mara moja, basi.

Likizo bila malipo ni jambo jingine. Mama akiomba miezi miwili zaidi ili anyonyeshe, hakuna mshahara, hivyo hakuna mchango, na pengo linabaki lake. Hapo, kwa maoni yangu, sheria yetu imemwacha peke yake. Kabla ya kusaini barua hiyo, ahesabu kwanza amebakiza miezi mingapi kufika 180.

Ila kwa ile Aprili hadi Juni, asikubali jibu la mhasibu. Slipu za mshahara zinazoonyesha makato azitunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, azipeleke ofisi ya NSSF. Mfuko ndio wenye mamlaka ya kumdai mwajiri malimbikizo hayo, pamoja na tozo ya kuchelewesha.