Kabla ya Mtambo, Nunueni Njia ya Jibu

Hospitali ikipata fungu la kuboresha matibabu ya maambukizi ya damu, macho hukimbilia mtambo wa kupima vinasaba vya bakteria. Ni mzuri kweli: chupa ya damu iliyooteshwa ikishaonyesha bakteria, hukutajia jina lake kwa saa moja hivi. Lakini kipimo kimoja hugharimu zaidi ya dola 100, na mtambo hauendi wodini kumwita daktari.

Mtaalamu wa maabara naye, kwa hadubini na rangi ya Gram tu, hupata jibu la kwanza la kumfaa mgonjwa ndani ya saa hiyohiyo. Kisha huliandika kwenye fomu, fomu ikatiwa kwenye kisanduku cha wodi, na ikiwa ni Jumamosi jioni huenda ikasomwa Jumatatu. Hapo ndipo wagonjwa wetu wanapopotea.

Je, kasi ya mtambo peke yake inatosha? Mayo Clinic ya Marekani ilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Kipimo cha haraka cha vinasaba kilishusha muda wa kumtambua bakteria kutoka saa 22 hadi saa moja na dakika chache, na waliohitaji dawa kali zaidi walizipata mapema. Kupunguza dawa zisizohitajika kulikuwa hadithi nyingine: njia ya kawaida ilichukua saa 34, kipimo cha haraka peke yake 38. Palipokuwa na kikosi kinachopokea jibu papo hapo na kumshauri daktari, saa 21.

Kuhusu programu ya kufikisha jibu wodini, OpenMRS ya rekodi za wagonjwa, inayotumika Eldoret, Kenya, tangu 2006, haina ada ya leseni. WHONET pia ni ya bure, ila kazi yake ni kutunza na kuchambua majibu ya vimelea. Seva, umeme wa akiba, fundi wa kuunganisha maabara na wodi, na mafunzo kwa kila zamu vyote vinalipiwa, na bajeti nyingi huvisahau. Programu za kibiashara huja na fundi wao, lakini uliza ada ya kila mwaka kabla ya kuifurahia bei ya kwanza.

Fungu likiwa dogo, ningeanza na simu ya zamu, ujumbe wa papo hapo kutoka maabara, na mfamasia mmoja wa kufuatilia. Mtambo ufuate.

Muuzaji akija, mwulizeni: jibu likitoka saa nane za usiku, nani atalipata, na asipoitikia nani atafuata? Akishindwa kujibu, msitie saini.